Nywele si uchafu, na wembe si wa nyumba nzima

Juzi mama mmoja mjamzito alinijia hapa Nyakoe akiwa na vipele vyenye usaha kwenye kinena. Nilipomwuliza, alininong'oneza kwamba alijinyoa upesi, pakavu, kwa wembe wa mumewe. Aliogopa wauguzi wangemwona mchafu siku ya kujifungua.

Msomaji, nywele za mwili si uchafu. Zinaoshwa kwa maji na sabuni kama ngozi nyingine. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba akina mama wasinyolewe kama desturi kabla ya kujifungua. Miaka miwili kabla ya hapo, shirika hilo lilikuwa limewaambia madaktari wasinyoe kwa wembe kabla ya upasuaji, kwa maana wembe huacha vijeraha ambamo viini hujipenyeza. Ikiwa sisi madaktari tumeambiwa tuuweke kando, kwa nini mama mjamzito ajikate kwa ajili yetu?

Hata hivyo, anayetaka kunyoa ana haki yake. Lakini ajue kwamba nywele zetu Waafrika aghalabu hujikunja. Zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha hubaki kali, ikajipinda na kurudi ndani. Mwili huiona kama mwiba. Ndipo huja mwasho, vipele na madoa meusi, na kwa baadhi ya watu makovu yanayovimba.

Kwa hivyo, zipunguze kwanza kwa makasi. Oga kwa maji ya vuguvugu, kisha paka povu la sabuni isiyo kali. Tumia wembe mpya, ufuate upande nywele zinakoelekea, wala usivute ngozi. Usirudie mahali pamoja mara nyingi. Suuza kwa maji baridi, ujifute polepole, upake mafuta yasiyo na manukato. Spiriti na ndimu zitakuchoma bure. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika ni heri aziache fupi kwa makasi au mashine. Krimu ya kuondoa nywele nayo ijaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo ya mkono, ungoje siku nzima, na isizidishwe dakika zilizoandikwa. Usiipake sehemu za siri ikiwa maelezo yake hayaruhusu.

Linalonikera zaidi ni ule wembe mmoja unaochomekwa ukutani bafuni, baba autumie kwa ndevu, mama kwa kwapa, na kijana naye aufuate. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, hata damu ikikauka. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wa Kenya mwaka wa 2001, hivyo watu wazima wengi hawakuipata. Kuusuuza wembe kwa maji hakutoshi.

Vipele vikitoka, acha kunyoa mpaka vipone, wala usivitumbue. Ukiona usaha, uvimbe unaoenea au homa, nenda kituo cha afya. Usione haya, sisi tumeyaona mengi.

Yule mama alipewa dawa, na nilimwomba aende kujifungua jinsi alivyo. Wembe ni kitu cha bei rahisi katika kila kibanda sokoni. Kila mtu na awe na wake.