Wafu wetu si hesabu ya kubishaniwa: vijana wafundishwe kusoma mifupa

Mwezi wa Novemba 2022 raia waliuawa kule Kishishe, wilayani Rutshuru, jimboni Kivu Kaskazini. Ni wangapi? Serikali ya Kinshasa ilitaja watu karibu 300. M23 ikasema ni raia 8, eti waliopatwa na risasi zilizopotea. Umoja wa Mataifa, katika uchunguzi wake wa kwanza, ukasema ni 131 kwa uchache, Kishishe na Bambo kwa pamoja. Wachunguzi wake hawakufika Kishishe kwenyewe. Waliwasikiliza walionusurika kule Rwindi.

Ndugu wasikilizaji, nanyi mliokimbia mkaacha makaburi nyuma: kati ya 8 na 300 kuna baba za watu na watoto wa watu. Kila upande hutaja hesabu inayoufaa, kwa sababu aliye kaburini hana wa kumsemea.

Lakini mifupa husema kwa anayejua kuisoma. Nyonga huonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Meno huonyesha umri. Tundu la risasi kwenye fuvu huonyesha ilikoingia na ilikotokea, na hilo husaidia kupima dai la kwamba mtu alipatwa na risasi iliyopotea. Na mate ya mama aliye hai yanaweza kulinganishwa na mfupa wa mtoto wake. Hiyo ndiyo sayansi ya uchunguzi wa jinai. Inafundishwa chuo kikuu, na vijana wetu wanaiweza.

Msiniambie ni elimu ya wazungu peke yao. Argentina, mwaka 1984, baada ya utawala wa kijeshi kuua watu na kuwazika bila majina, mtaalamu Mmarekani Clyde Snow alihitaji wasaidizi. Waliojitokeza ni wanafunzi wa chuo kikuu, vijana wa nchi hiyohiyo. Aliwafundisha palepale makaburini. Kundi hilo lingali linafanya kazi, na limekwisha kuitwa nchi nyingi.

Hata hapa kwetu tumeona faida ya ushahidi. Kavumu, Kivu Kusini, watoto wasichana walibakwa kwa miaka. Disemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, akiwemo mbunge wa jimbo. Ripoti za madaktari zilisaidia kuwafikisha hapo. Kelele peke yake isingetosha.

Sasa, nani ataingia masomo hayo? Hapa ndipo penye ubaguzi usiosemwa. Mtoto aliyekimbia mara tatu husoma sekondari inayopatikana: pedagogia, sosiali, biashara. Biokimia iko mjini, na maabara pia. Akifaulu Exetat anaambiwa sayansi si yako. Vita vilimchagulia masomo, kisha chuo kinamhukumu kwa chaguo la vita!

Dawa yake inajulikana. Uingereza vyuo kadhaa hufundisha sayansi hii kwa mwaka mmoja wa matayarisho kabla ya miaka mitatu ya shahada: kemia, biolojia, hesabu, kazi ya maabara. Asiye na msingi anajengewa. Jambo hilo si geni kwetu. Wahandisi wetu wengi walipitia prepoli.

Kuna watakaouliza: kazi iko wapi? Swali hilo waachieni Waingereza. Maabara yao ya serikali ilifungwa mwaka 2012, na wenye shahada ni wengi kuliko nafasi. Kwetu kazi imelala ardhini, kuanzia Ituri hadi Kasai. Wengine watasema hakuna umeme wala vifaa. Vipimo vya damu ni ghali, kweli. Lakini kufukua kwa utaratibu, kupima mfupa, kupiga picha na kutunza ganda la risasi lisipotee kabla ya kufika mahakamani, hayo yanaanza na kamba, brashi, daftari na akili iliyofundishwa.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Bunia na Butembo vifungue masomo haya na mwaka wa matayarisho juu yake, mlango uwe wazi kwa kila mwenye diploma ya Serikali. Na wafadhili wanaolipa semina za siku mbili hotelini walipie hao vijana karo. Mtaalamu wa kigeni ana tiketi ya kurudi. Mtoto wa Bwito atabaki, na anajua lugha ya wafiwa.

Nanyi mlio kambini na kwenye familia za wenyeji, msingoje chuo. Msifukue kaburi wenyewe, mtaharibu ushahidi. Andikeni sasa: jina la mliyempoteza, nguo alizovaa, jino lililong'olewa, mguu uliovunjika zamani, mahali alipozikwa. Siku msomaji wa mifupa atakapofika, daftari hilo ndilo litamrudishia mtu wenu jina lake.