Siku niliyoshukuru umeme kukatika

Wadau, mwenzenu nimekuwa kimya hapa kijiweni kwa wiki mbili hivi. Sikusafiri wala sikuugua. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, natafuta sauti za wazee ambao nilikuwa nimewafuta kwa mkono wangu mwenyewe. Ngoja niwape kisa kizima, halafu nitoe hoja. Safari hii hoja inanihusu mimi kabla ya kumhusu mtu mwingine.

Wale mnaonifuatilia mnajua kwamba kwa muda mrefu nimekuwa nikiwahoji wazee waliofanya kazi kwenye mashirika ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, iliyovunjika mwaka 1977. Watu wa reli, wa bandari, wa posta, wa ndege. Wazee hawa walihangaika miaka mingi wakidai mafao yao, na wengi wametangulia mbele ya haki huku wakidai. Nilikuwa na mahojiano 41 ya sauti, mengine ya saa mbili mbili, pamoja na picha za barua na vitambulisho vyao. Gazetini zilitoka makala nne tu. Mengine yote yalikuwa ndani ya diski moja ya nje ya GB 500, yale madude makubwa ya mezani yenye adapta yake ya umeme. Diski moja, nakala moja. Naomba mlishike hilo, tutalirudia.

Sasa siku ya tukio. Jirani yangu, kijana mwenye stationery, alikuwa ameniletea diski yake ndogo nimfomatie isomeke kwenye Windows. Jana yake nilikuwa nimemfomatia nyingine, kazi ikaenda vizuri. Mimi natumia Linux, na kwa kiburi cha mtu anayejiona anajua, napenda kufanya mambo kwa amri badala ya kubofya bofya. Nikachomeka diski yake. Yangu tayari ilikuwa imechomekwa. Nikafungua dirisha la amri, nikabonyeza mshale wa juu kurudisha amri za jana: kwanza ya kuishusha sdb1, halafu mkfs.ntfs juu ya sdb1 hiyo hiyo. Nikaweka nywila, nikabonyeza Enter, nikaenda jikoni kubandika chai.

Kosa mmeliona? Linux hugawa majina ya sda, sdb, sdc kadiri inavyozigundua diski. Jina hilo si la kudumu. Jana sdb ilikuwa diski ya jirani. Leo sdb ilikuwa wazee wangu.

Chai haijachemka, umeme ukakatika. Nikasonya kama kawaida yetu. Nikarudi sebuleni gizani. Laptopu ilikuwa inaendelea kwa betri yake, na diski ya jirani, ambayo hula umeme kutoka kwenye laptopu, ilikuwa bado inawaka taa. Diski yangu ilikuwa imezimika. Kwenye kioo, kazi ya kufomati ilikuwa imekwama kwenye asilimia 4, na chini yake makosa ya kuandika yamejipanga.

Nikajiuliza: kama ninafomati diski ya jirani, na diski ya jirani inawaka, kwa nini kazi imekwama? Jibu lilipokuja, magoti yalilegea. Nikakaa chini sakafuni.

Niwaeleze kilichokuwa kinatokea, maana hapa ndipo penye somo. Amri ya mkfs.ntfs usipoiambia ifanye haraka kwa herufi Q, huanza kwa kuandika sifuri kwenye eneo lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo hujenga mpangilio mpya. Asilimia 4 ya GB 500 ni GB 20. Zile GB 20 za mwanzo zilikuwa zimekuwa sifuri tupu. Zile 480 zilizobaki zilikuwa hazijaguswa hata kidogo. Umeme ungekuwepo mpaka chai ichemke, ninywe, nisikilize na taarifa ya habari, kusingebaki hata kikohozi cha mzee mmoja. Ndiyo maana nasema, na nadhani ni mara ya kwanza kwa mtu wa mtaa wetu kusema hivi: asante umeme kukatika.

Umeme uliporudi ndipo hatari ya pili ilianza, na naomba mnisikilize vizuri. Nilimpigia rafiki yangu mmoja tunayefanya naye kazi, mtu wa kompyuta sana. Akasema, "Kaka, usihangaike. Malizia tu kufomati, halafu kuna programu inarudisha kila kitu." Mwingine akasema nipeleke diski kwenye kompyuta ya Windows nione itasemaje. Wote wawili walinipenda, na wote wawili wangenimaliza. Kumalizia kufomati maana yake ni kuandika sifuri juu ya zile GB 480. Na Windows haisomi mfumo wa ext4 niliokuwa natumia. Ukiichomekea diski ya namna hiyo, hata ikiwa nzima kabisa, inakuja na swali kama unataka kuifomati kwanza. Ni wangapi wamebofya "ndiyo" kwa sababu kompyuta imeuliza kwa adabu?

Hoja yangu ya kwanza ndiyo hii: ufundi wa kwanza wa kuokoa data ni kutoa mikono. Data haipotei kwa sababu kompyuta imesema haioni kitu. Inapotea pale kitu kingine kinapoandikwa juu yake. Kila "ngoja nijaribu hili" linaloandika kwenye diski hiyo ni udongo mwingine juu ya kaburi. Sisi tumelelewa kuamini kwamba mtu hodari ni yule anayefanya kitu haraka. Umeme ulinisaidia kwa sababu ulifanya jambo ambalo mimi nisingelifanya kwa hiari: ulisimama.

Msidhani ni ushamba wangu peke yangu. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, watu ambao kazi yao ni kutunza kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima, alikuwa anahangaika usiku na tatizo la hifadhidata. Akatoa amri ya kufuta kwenye seva akidhani yuko kwenye seva nyingine. Akagundua baada ya sekunde moja au mbili, akasimamisha. Kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki GB 4.5. Walipokimbilia nakala za akiba, njia tano walizokuwa nazo zote zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa au hazikuwa zimewekwa tangu mwanzo. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Kampuni iliyaeleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Kama mabingwa wanakosea seva, mimi kukosea sdb si ajabu. Ajabu ni kutokuwa na nakala.

Basi nilichofanya ni hiki, kwa faida ya atakayekutwa na haya. Kwanza niliiacha diski mpaka asubuhi, nikaazima nyingine ya TB 2 kwa mtu. Pili, kwa smartctl niliangalia kama umeme ule haukuiumiza. Ilikuwa nzima. Tatu, bila kuiwasha kama folda na bila kuandika chochote juu yake, niliichukua nakala pacha yote kwa ddrescue, programu ya bure ambayo huandika ramani ya ilikofika, hivyo umeme ukikatika tena unaendelea pale pale. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Baada ya hapo diski yenyewe nikaifungia kabatini. Kazi yote nyingine niliifanya kwenye nakala, nikikosea nakopi tena.

Nne, ext4 ina busara moja ambayo binadamu hatuna. Taarifa kuu ya mfumo mzima, wanayoiita superbloku, haiwekwi mahali pamoja. Hurudiwa sehemu mbalimbali za diski. Kwa mpangilio wa kawaida, nakala ya kwanza iko bloku namba 32768, halafu 98304, 163840 na kuendelea. Zangu za mwanzo zote zilikuwa zimekwisha kuliwa na sifuri. Nikaenda mbele, nikaenda mbele, mpaka namba 7962624, kama GB 32 hivi ndani ya diski. Ile ilikuwa hai. Nikaielekeza e2fsck ianzie hapo. Ikafanya kazi muda mrefu, ikilalamika mistari kwa mistari, ilipomaliza kulikuwa na folda moja ya lost+found imejaa folda zenye majina ya namba. Majina ya juu yalikuwa yamepotea, lakini ndani yake mafaili mengi yalikuwa na majina yake yale yale.

Mahojiano 36 yakarudi hivyo. PhotoRec, ambayo haijali mpangilio bali hutafuta faili kwa umbo lake, ikaniletea mengine matatu yasiyo na jina, ikabidi niyasikilize ndipo nijue nani anaongea. Jumla 39. Mawili yalikuwa kwenye zile GB 20, na sifuri ikishaandikwa hakuna fundi wa kuirudisha sauti.

Tahadhari: msiichukulie bahati yangu kama kanuni. Ile ilikuwa diski ya sahani inayozunguka. Kwenye SSD, mkfs.ext4 kwa kawaida huanza kwa kuiambia diski iachie eneo lote, na hapo sekunde chache zinaweza kutosha kumaliza habari.

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma. Mwandishi akipoteza daftari lake tunasema amepoteza kazi yake. Si kweli. Yale mahojiano hayakuwa yangu. Mzee wa watu alinikaribisha barazani, akavua kofia, akanieleza mambo ambayo hata wanawe hakuwahi kuwaeleza, kwa sababu aliamini yanakwenda mahali pa kudumu. Ile ni amana. Nami nilikuwa nimeiweka amana ya watu 41 kwenye dude moja, juu ya meza moja, chini ya dirisha linalovuja. Mtu akifanya hivyo na fedha za watu, tunamwandika ukurasa wa kwanza.

Najua mtakachosema: mshahara wenyewe huu, diski tatu mtu atazitoa wapi? Ni kweli, na si mwandishi peke yake wa kulaumiwa. Vyumba vya habari nilivyovipitia vinadai habari kabla ya saa kumi jioni, lakini sijawahi kuulizwa na mhariri hata mmoja, "Sauti ya yule mzee umeihifadhi wapi?" Ikishachapwa imekwisha. Tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni, huku tuliyoikusanya wenyewe inafia kwenye flashi za wanafunzi wa mazoezi. Hilo ni la kampuni za magazeti, na linahitaji seva na mtu wa kuisimamia.

Lakini tusijifiche nyuma ya kampuni. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Sauti ya saa moja ikibanwa vizuri haizidi MB 30. Mahojiano yangu yote 41 yangeingia kwenye flashi ndogo kabisa, nikampa dada yangu aiweke kabatini kwake. Kilichokosekana kwangu haikuwa fedha. Nilikuwa nasema nitafanya wikiendi.

Siku hizi kabla ya kufomati chochote naandika lsblk kwanza, naitaka inionyeshe ukubwa, aina na namba ya diski, nasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mshale wa juu kwa amri ya kufomati nimeuacha. Diski nyingine yoyote naichomoa.

Nimalizie na hili. Mwezi mmoja kabla ya tukio, mama mmoja wa Tabora alinipigia. Baba yake, fundi wa reli, alikuwa amefariki. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliye na sauti yake. Wajukuu hawakumsikia." Nikamwambia, "Usijali mama, ipo." Nilisema ipo bila hata kuinuka kuangalia. Namshukuru Mungu, sauti ile ilikuwa kwenye yale matatu yasiyo na jina. Nimemtumia wiki iliyopita, na hajui kilichotokea hapa katikati.

Wale wawili waliopotea, hakuna aliyenipigia kuwaulizia. Mmoja bado yu hai, nitapanda basi kumfuata, nimwamkie, nimwombe radhi na nimwombe aanze upya. Yule mwingine alifariki mwaka jana. Siku mtoto wake akipiga, sijui nitaanzia wapi.

Naomba kuwasilisha. Na wewe unayesoma hapa, kabla hujafunga ukurasa huu: cha kwako kiko wapi, na nakala ya pili iko wapi?