Ibada ya simu haina jirani

Juma lililopita nilisafiri kwa matatu kutoka Kilifi kwenda Malindi, nikaketi nyuma ya akina mama wawili waliokuwa wakibishana juu ya jambo ambalo, nadhani, linabishaniwa katika nyumba nyingi za pwani yetu. Yule mdogo alikuwa na simu mkononi, na ndani ya simu hiyo mhubiri fulani wa Nairobi alikuwa akihubiri kwa sauti ya kukwaruza. Yule mkubwa alimwuliza ni Jumapili ngapi sasa hajaonekana kanisani.

"Mama, mimi nasali," akajibu. "Kwani Mungu yuko Kilifi peke yake? Huyu mtumishi namsikia vizuri kuliko ninavyomsikia mchungaji wetu, na wala haniulizi nimevaa nini au nimetoa ngapi."

"Haya, mwanangu. Na siku utakapougua, huyo wako wa simuni atakuletea uji?"

Yule mdogo hakuchelewa. "Mume wangu alipofariki, hao wa kanisani walikuja, wakaimba, wakala, wakaondoka. Baada ya mazishi sikumwona hata mmoja."

Tulipofika Gede, yule mkubwa akateremka, na ubishi ukakatika hapo bila mshindi. Lakini mimi nimeendelea nao moyoni hadi leo, na nataka wasomaji wajue mapema upande niliopo. Nipo upande wa yule mkubwa, ijapokuwa hoja yake ya uji haikunitosheleza, na ijapokuwa yule mdogo alisema kweli tupu.

Hebu tukiri yanayopasa kukiriwa. Mungu hafungwi na kuta, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayedai kwamba dua ya mtu aliye peke yake chumbani haifiki. Pwani hii inalijua jambo hilo tangu zamani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakaweka makao yao Rabai. Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kubatizwa hapo alikuwa kiwete aitwaye Mringe, naye alibatizwa akiwa kitandani, mauti yamekwisha kumkaribia. Mtu huyo hakupata kuketi kwenye benchi la kanisa wala kusikia kengele ya Jumapili. Kanisa ndilo lililomwendea yeye. Hata hivyo sijasikia Mkristo wa Rabai akisema kuwa ubatizo wa Mringe ulikuwa na kasoro.

Halafu tukapata funzo letu wenyewe mwaka 2020. Maradhi ya Korona yalipoingia nchini, nyumba za ibada zilifungwa mwezi Machi, na mwezi Aprili serikali ikapiga marufuku watu kuingia na kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa. Zilipofunguliwa tena mwezi Julai, masharti yalikuwa kwamba ibada isizidi saa moja, waumini wasizidi 100, na asiruhusiwe mtu aliye chini ya miaka 13 wala aliyepita miaka 58. Wazee waliojenga makanisa hayo kwa mikono yao, wakabeba mawe na kukata boriti, ndio waliofungiwa nje. Lau isingalikuwa redio na simu, wangalikaa miezi bila kusikia neno. Anayeibeza ibada ya mbali na akumbuke miezi ile.

Mama yangu mzazi yumo katika hesabu hiyo. Amepita miaka themanini, anaishi Ganze, na miguu imegoma. Kila Jumapili mjukuu humfungulia ibada kwenye simu na kuiegemeza kwenye bakuli. Mhubiri akisema simameni, mama huanza kusimama, kwa maana amelelewa hivyo. Na aghalabu hupata kuwa wima wakati mhubiri ameshasema keteni. Siku moja bando liliisha katikati ya maombi. Mama alisubiri, akadhani ni ukimya wa kutafakari, kisha akasema amina na kuomba maji. Siwezi kumwambia mwanamke huyo kwamba hakusali.

Basi kama Mungu husikia kwa njia zote hizo, tunabishania nini? Tunabishania anayeonwa na anayemwona. Na sisi wa Malindi hatuna haki ya kulizungumza jambo hili kana kwamba ni la mafundisho ya dini tu, kwa kuwa msitu wa Shakahola uko hapa kwetu.

Paul Mackenzie alihubiri mjini Malindi kwa miaka mingi katika kanisa lake la Good News International. Hapa mjini alikuwa na majirani. Mwaka 2017 polisi walimkamata kwa tuhuma za kuwafundisha watoto waache shule, na watu wa mji walilijua hilo. Lakini mahubiri yake yalikuwa pia katika runinga na katika YouTube, na huko hayakuwa na majirani. Mtu wa Nyanza au wa Magharibi au wa mtaa fulani wa Nairobi aliyemtazama kwenye kioo hakumjua mtu yeyote wa Malindi wa kumwuliza, "Huyu jirani yenu ni mtu wa namna gani?" Alichokipata ni sauti na uso, saa aliyotaka yeye, mahali alipotaka yeye. Mwaka 2019 Mackenzie alitangaza kwamba kanisa la mjini limefungwa, akahamia msituni. Kanda zake zikaendelea kutazamwa, na watu wakaendelea kuuza vitu vyao na kumfuata.

Yaliyofuata dunia nzima iliyaona. Kuanzia mwezi Aprili 2023 makaburi yalifukuliwa huko Shakahola, na miili iliyotolewa ikapita 400, wakiwamo watoto wengi. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walinyongwa au kupigwa. Mwaka 2024 Mackenzie na wenzake walifunguliwa mashtaka, yakiwamo ya mauaji na ugaidi, nao wakayakana. Wala haikuishia hapo: mwaka 2025 makaburi mengine yaligunduliwa Kwa Binzaro, si mbali sana na hapo.

Mimi huzuiliwa na jambo moja dogo kila nikifikiria habari hizo. Mhubiri anapokuambia ufunge, swali la kwanza la mtu aliyelelewa kijijini ni kama mhubiri mwenyewe amefunga. Kijijini swali hilo lina jibu. Mke wa mchungaji huonekana sokoni akinunua samaki, moshi huonekana jikoni kwake, na watoto wake hucheza na watoto wenu na kusema yote. Katika simu swali hilo halina jibu. Kamera huonyesha kile ambacho mhubiri ameamua kionekane, kisha huzimwa. Sahani yake huwezi kuiona.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa kwamba waliokufa Shakahola hawakufa mbele ya simu. Walikuwa wamekusanyika kwa miili yao, bega kwa bega, na mhubiri wao alikuwa nao. Jibu hilo ni zito, nami nililifikiria siku kadhaa kabla ya kuandika makala haya. Ni kweli. Kukutana peke yake si kinga. Lakini tazameni walikutana vipi. Walitolewa katika vijiji vyao na kupelekwa mahali ambapo hapakuwa na shangazi wa kupita jioni, wala mwalimu wa kuuliza mtoto yuko wapi, wala muuguzi wa kumpima uzito. Maana shule na hospitali zilihubiriwa kuwa kazi za shetani. Msitu ule uligawanywa vijiji vikapewa majina ya Biblia kama Galilaya na Bethlehemu, na kila aliyekuwa ndani alikuwa mfuasi wa mtu yule yule. Kwa hiyo mkusanyiko ule ulikuwa na kasoro ile ile ya simu: hakuna jicho la mtu wa nje. Kioo kiliwatenga kwanza na majirani zao, msitu ukaimaliza kazi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoligawa jambo hili pande mbili tu, simu huku na benchi kule. Ibada iliyo salama ni ile ambayo mtu asiyekubaliana na mhubiri anaweza kuingia, akaketi, akatazama, akatoka na kusema aliyoyaona. Kanisa la kijiji, pamoja na umbea wake wote, lina jambo hilo. Umbea wenyewe, niruhusiwe kusema, ni ulinzi wa aina yake.

Ndugu zetu Waislamu wameliweka jambo hili wazi kuliko sisi. Hotuba ya Ijumaa hurushwa redioni, wala hakuna anayekatazwa kuisikiliza. Lakini anayeisikiliza akiwa nyumbani kwake huswali adhuhuri yake rakaa nne, na hahesabiwi kuwa ameswali Ijumaa. Sikio limefika, mtu hajafika. Wazee wa Kigiriama nao hawawezi kuombea mvua popote wanapotaka, hukutana Kaya. Waingereza walilielewa hilo vyema sana, ndiyo sababu mwaka 1914 waliilipua Kaya Fungo kwa baruti walipotaka kuuvunja umoja wa Wagiriama.

Sasa nirudi kwa yule mama mdogo wa matatu, kwa kuwa sikupenda namna watu walivyomcheka alipojibu. Hakukimbia ibada, alikimbia watu. Na makanisa yetu yamefanya kazi kubwa ya kuwakimbiza watu wa namna yake. Majina ya waliotoa na wasiotoa husomwa hadharani. Mjane anapewa barua ya mchango wa paa kabla matanga hayajaondolewa. Mwanasiasa akiingia, wazee wa kanisa wananyanyuliwa ili apate kiti cha mbele, na mahubiri yanakatizwa ili asalimie watu kwa dakika arubaini. Kanisa la Anglikana chini ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit lilipiga marufuku siasa madhabahuni mwaka 2021, na nilishangilia. Lakini hebu nenda kaangalie leo katika makanisa yetu mengine. Mtu akifanyiwa hayo Jumapili baada ya Jumapili, simu inakuwa pumziko. Haimwaibishi. Hata sadaka huitoa kimya kimya kwa M-Pesa, naye mhubiri wa mbali humwombea kwa jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo.

Serikali nayo imetafuta dawa. Baada ya Shakahola, Rais William Ruto aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, nalo likamkabidhi ripoti mwaka 2024. Na tangu hapo mjadala umekuwa juu ya kusajili makanisa, kuwakagua wahubiri, na vyeti vya shule za theolojia. Sipingi usajili. Lakini tusijidanganye. Msajili aliye ofisini Nairobi ataliona kanisa la Chakama kama vile yule mama anavyomwona mhubiri wake: kwa mbali, kupitia kile ambacho mwenye kanisa ameamua kukionyesha. Cheti hakihesabu sahani. Kanisa la Mackenzie lenyewe lilikuwa limesajiliwa.

Ningeomba mambo ya chini zaidi, ambayo hayahitaji sheria. Anayemfuata mhubiri kwa simu na atafute nauli, aende siku moja alipo mhubiri huyo, na asiende siku ya ibada. Aende Jumanne. Anywe chai katika hoteli iliyo karibu na kanisa, amwulize muuza chai, amwulize mwenye bodaboda, aulize watoto wa kanisa hilo husoma shule gani. Akikatazwa kuuliza, amekwisha kupata jibu. Na sisi tunaokwenda kanisani tuwe na daftari, si la michango bali la watu. Fulani hakuja Jumapili mbili, nani amekwenda kwake? Yule mjane wa Kilifi alihitaji mtu mmoja tu mwezi mmoja baada ya mazishi, na kanisa zima halikumpata mtu huyo.

Kule Ganze kuna akina mama watatu wa kanisa la mama yangu ambao humtembelea kila Jumatano. Hawana elimu kubwa ya dini, na wimbo mmoja huwachukua nusu saa kwa sababu kila mmoja anaanza kwa sauti yake. Huja na kuni, au na maji, au mikono mitupu. Mwezi uliopita mmoja wao alikwenda kwenye kabati kutafuta kikombe, akaona chupa ya dawa ya presha ikiwa tupu. Mama alikuwa hajameza dawa kwa siku nne na hakumwambia mtu, ilhali katika siku hizo alikuwa amesikiliza ibada mbili nzima. Yule mama hakungoja wimbo uishe. Alitoka nje na kumtuma mtoto kwa bodaboda hadi zahanati.