Tunakatwa Majina Hapa Hapa Nyumbani



Nina dukuduku ambalo najua si langu peke yangu. Matangazo mengi ya nafasi za kusoma au kujitolea nje ya nchi huhimiza watu wenye ulemavu kuomba. Tunaomba. Kisha majina yetu yanaishia mezani kwa wachujaji wa hapa hapa nchini, kabla mfadhili hajayaona.

Mimi ni mwalimu kijana na natumia kiti mwendo. Mwaka jana niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya kujitolea Ujerumani. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili na lifti ilikuwa mbovu, hivyo mlinzi na vijana wawili wa bodaboda wakanibeba hadi juu. Fomu ya daktari niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa na swali: "Je, mwombaji ni mzima wa mwili?" Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Daktari alikuwa amepima kifua, damu na presha asione kasoro yoyote. Alipofika kwenye visanduku hivyo alikitazama kiti changu, akaweka alama ya hapana. "Nikiweka ndiyo watasema nimehongwa," akaniambia.

Mwenyekiti wa jopo hakuniuliza chochote kuhusu ualimu. Aliuliza nani atanisukuma kwenye theluji, kisha akanieleza kwa upole kabisa: "Kijana wangu, sisi tunapeleka watu wa kusaidia, si wa kusaidiwa."

Laiti angesoma masharti ya wafadhili. Mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts ulianza mwaka 2008 kwa kupeleka vijana wa Kijerumani nje, na tangu 2013 unapokea pia vijana wa kutoka nchi kama yetu. Gharama za ziada zinazotokana na ulemavu wa anayejitolea hulipwa na mpango wenyewe. Kwa upande wa masomo, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya nayo ina fungu kwa ajili ya mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu. Lakini fedha hizi haziji zenyewe, lazima ziombwe. Jina likishakatwa hapa, hakuna wa kuziomba.

Na nani kasema anayehitaji msaada hawezi kusaidia? Andrew Foster alikuwa Mmarekani mweusi, kiziwi. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi nchini Ghana, na hadi alipofariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule 31 katika nchi 13 za Afrika. Kwa fomu kama niliyopewa mimi, asingevuka hata ukurasa wa kwanza.

Si hisani tunayoomba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 24 ya Mkataba huo inazungumzia elimu, pamoja na ya vyuo vikuu, na ibara ya 32 inataka ushirikiano wa kimataifa usiwaache nje watu wenye ulemavu. Ofisi inayopendekeza majina kwa wafadhili inahusika moja kwa moja.

Kwa hiyo nazitaka ofisi hizo, za serikali na za binafsi, zifanye haya. Cheti cha daktari kidaiwe baada ya mtu kuchaguliwa, na kihusu magonjwa, si miguu wala macho yake. Badala ya kuuliza kama mwombaji ni mzima, fomu iulize anahitaji nini ili asome au afanye kazi vizuri. Usaili ufanyike mahali panapofikika, na kiziwi akiitwa, mkalimani wa lugha ya alama awepo. Mwisho, kila mwaka itangazwe ni wenye ulemavu wangapi waliomba na wangapi walisafiri, ili wananchi wajionee wenyewe.

Hakuna hapo kinachosubiri bajeti mpya. Fomu inaweza kuchapwa upya kesho asubuhi, na vyumba vya chini vipo.

Mwalimu mwenye ulemavu,
Morogoro