SHADA LINAFIKA, UJI HAUFIKI (Sehemu ya 3)

1.
Ndugu zangu, leo sifundishi presha wala kisukari. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna mama alilazwa wodini kwetu, mji mdogo huku kando ya ziwa. Mji siutaji, na mengine nimeyaficha ili asitambulike. Kidonda cha operesheni, siku kumi na tisa kitandani. Watoto wanne, wote wana kazi, wote wako mbali. Kila jioni simu: "Sista, mama anaendeleaje?" Nawaambia anaendelea, ila hana wa kumletea chakula. "Sawa sista, tunalishughulikia." Aliyelishughulikia ni mgonjwa wa kitanda cha jirani, akawa anammegea ugali wake.

Mama akafariki. Sisemi njaa ndiyo iliyomuua, alikuwa na mengi. Ila kidonda hakifungi vizuri kama mtu hali, hilo nesi yeyote atakwambia.

2.
Siku ya mazishi nikapita msibani. Mashada matano! Moja liliagizwa na mtoto aliyeko Dar, likatengenezwa Mwanza mjini, likapakiwa basi la alfajiri, kondakta akapewa chochote, bodaboda akalipokea stendi. Saa sita mchana liko juu ya jeneza, na utepe: "Tulikupenda sana Mama."

Nikasimama pale nikajiuliza, kumbe njia ilikuwepo?

3.
Kwa hiyo usiniambie kwamba kwenu ni mbali. Magu ni lami tupu. Sengerema, tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko. Nansio kuna meli. Maua, kitu kinachonyauka kwa jua la nusu siku, tunayafikisha yakiwa mazima. Uji unatushindaje? Tena uji hausafiri hata! Nje ya geti la hospitali mama lishe yupo tangu saa kumi na mbili asubuhi, na simu yake inapokea hela kama ya kwako.

4.
Najua mtaniambia: "Nesi, shada ni heshima kwa marehemu." Sawa. Sijasema usinunue. Nasema umelianza la mwisho. Siku hizi kila mtu mtandaoni anasema "mpeni maua yake" akiwa hai, halafu mama yake mzazi anangoja mpaka afunikwe udongo.

Wengine mtasema kulisha wagonjwa ni kazi ya manesi. Mimi usiku naweza kuwa na wodi nzima peke yangu. Nitabadilisha dripu, nitafunga kidonda, nitapokea mgonjwa mpya. Kupika siwezi.

Na usikimbilie kutuma maua wodini ili unionyeshe umesikia. Maji ya chombo cha maua yanafuga bakteria. Kwa aliyeungua au aliyeko ICU hayatakiwi kabisa.

5.
Fanya hivi. Ukipigiwa simu kuwa mzee kalazwa, siku hiyo hiyo tafuta bodaboda yule yule ambaye ungempa shada. Mwambie akuunganishe na mama lishe wa getini. Lipia uji asubuhi, chakula mchana na jioni, kwa wiki nzima. Kisha mtafute binti au kijana wa ukoo akae naye, mtumie nauli na hela ya kula, maana naye ni mtu. Tukiomba damu, usijibu "tunalishughulikia". Wapigie ndugu waliopo karibu waende wakatoe.

Halafu kila jioni mwombe huyo binti amwekee mama simu sikioni. Ongea na mama, mimi niache nifanye kazi.

Shada lisubiri. Wauza maua hawahami.

Sehemu ya 4 kesho: ndugu wanaoficha dawa za kienyeji chini ya mto wa mgonjwa. Mjiandae. Na hii mtumie kaka yako aliyeko mbali, hata kama atanuna.