Simba Mwenda Pole na Mafundi Wake

Wakaao Zimmerman, ule mtaa wa Nairobi ulio kando ya barabara ya Thika, ni wachache wajuao kuwa jina hilo ni la fundi. Paul Zimmermann alikuwa na karakana jijini, na kazi yake ilikuwa kuzitia umbo ngozi za wanyama waliouawa na wawindaji, hata simba mfu akasimama mithili ya aliye hai. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi na vipusa, kazi hiyo nayo ikafa. Jina likabaki, ufundi ukasahauliwa.

Hatulilii uwindaji; marufuku ile ilikuwa ya haki. Tunaloliuliza ni hili: nani leo katika jiji hili amjuaye simba maungo yake na mwendo wake?

Kumsimamisha simba si kuijaza ngozi majani makavu. Katika kasri la Gripsholm, nchini Uswidi, yuko simba aliyetolewa zawadi na mtawala wa Algiers mwaka 1731. Yasemekana aliyemjaza hakupata kumwona simba kwa macho yake, na wajihi wa mnyama yule ni kichekesho hata leo: macho yakabili mbele kama ya mtu, ulimi uko nje. Mmarekani Carl Akeley ni miongoni mwa walioigeuza kazi hii. Alimpima mnyama, akafinyanga kila msuli kwa udongo, akatoa kalibu, akafanya umbo jepesi lenye uwazi ndani, ndipo akalivisha ngozi.

Walakini udongo haumfai asiyejua kutazama. Simba atembeapo, mabega hupanda na kushuka kwa zamu, kwani hayakuungwa na kifua kwa mfupa bali kwa misuli. Hukanyaga kwa vidole, na kucha zimo alani. Akighadhibika, masikio hulala nyuma na pua hukunjamana. Fundi amwachaye kinywa wazi na masikio wima amesema uwongo.

Simba wetu mashuhuri nao hawakusalimika. Wale wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli iliyotoka Mombasa, waliuawa na Patterson mwezi wa Desemba 1898. Kwa muda wa miaka kama 25 ngozi zao zilikuwa mazulia, kisha zikauzwa kwa Jumba la Makumbusho la Field, Chicago. Kwa kuwa zilikwisha kukatwakatwa, simba wasimamao huko ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Fundi hodari hakuweza kukirudisha kilichokatwa.

Sasa tutazame mitaa ya Eastlands, kutoka Buruburu hata Kayole. Hapana uhaba wa vijana wenye mkono mwepesi wa rangi. Lakini simba tumwonaye ubavuni mwa matatu na kwenye kuta za maduka aghalabu ni yule yule: kinywa wazi, meno nje, shingo kama nguzo. Amenakiliwa kutoka picha ya mtu mwingine. Na wazee walikwisha kutwambia, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Aliyetunga methali hiyo alimtazama simba.

Suala la sanamu na picha lina mjadala wake kwa maulamaa, na si hapa pa kulikata. Lakini kumtazama vyema kiumbe wa Mola, nani aliyekataza? Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, iko mlangoni mwa jiji, na simba wamo. Kijana wa Kayole anazuiwa na nauli na kiingilio. Wakuu wa mbuga na wa makumbusho wakiwatengea wachoraji wa Eastlands siku moja kila mwezi, waingie bure na karatasi na kalamu zao, watakuwa wamefanya jambo. Simba asijulikane kwa meno tu, naye anapumua jirani yetu.