Kukopi na kupesti kumeniumbua

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa nauguza aibu. Acha niwasimulie.

Hapa Tunduma huandiki habari ya biashara bila kucheza na fedha mbili. Ukivuka tu kuingia Nakonde, bei ni kwacha. Hesabu zangu nafanya kwa R, ile programu ya takwimu ya bure iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule New Zealand. Nikaandika fanksheni, yaani maelekezo mafupi yenye jina, ya kugeuza kwacha kuwa shilingi. Kila habari mpya naikopi, napesti kwenye faili jipya. Raha mustarehe!

Kumbe Januari 1, 2013 Zambia ilikata sifuri tatu: kwacha 1,000 za zamani zikawa 1 mpya. Nilipolikumbuka hilo nikarekebisha fanksheni kwenye faili la mahindi. La mchele nikalisahau. Bei za 2012 zikatoka gazetini mara elfu moja ya ukweli. Mfanyabiashara mmoja akanipigia: "Mdogo wangu, ningeuza kwa bei hiyo ningekuwa bado nimepanga chumba kimoja?" Tukaomba radhi.

Ningeweza kusingizia haraka, lakini tatizo ni mpangilio. Fanksheni unazorudia ziweke faili moja, tuseme visaidizi.R, halafu kila kazi ianze na source("visaidizi.R"). Ukirekebisha hapo, kila kazi utakayoiendesha tena inapata marekebisho.

Ila angalieni: source() inamwaga kila kitu mezani. Fanksheni mbili zikiwa na jina moja, ya mwisho inaifuta ya kwanza na R haisemi kitu. Kwa hiyo jina liwe kwacha_kwa_shilingi, si "badili". Zikiwa nyingi, tengeneza pakeji yako uiite kwa library().

Hata mikoa ni hivyo hivyo. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo sensa ya 2012 inaziweka Mbozi na Ileje Mbeya, ya 2022 inaziweka Songwe. Kila mwandishi akizihamisha kwa mkono wake, mnategemea tutalingana?

Watasema mwandishi si fundi wa kompyuta. Sawa. Lakini msomaji anayepanga mtaji kwa namba zetu hasara yake ni ya kweli. Vyumba vya habari viwe na faili moja la pamoja, linalokaguliwa na zaidi ya mtu mmoja.

Naomba kuwasilisha.